Kabati la Nguo la Mbao kwa Hewa ya Dodoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni fundi seremala, karakana yangu iko Kizota, hapa Dodoma. Wengi wanaoingia getini hawaji kununua, wanakuja kuuliza: mtumishi aliyehamia na familia na nguo bado ziko kwenye mabegi, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) mwenye chumba kimoja, mama wa Nkuhungu aliyenunua kabati likapasuka kabla mwaka haujaisha. Maswali yao ndiyo haya. Vipimo vyote ninavyotaja ni vya kabati moja la milango miwili: urefu sentimita 180, upana 120, kina 58. Nimelitengeneza mara nyingi.

Sijawahi kushika randa. Nitaweza kweli?

Utaweza, ukikubali kabati la fremu na plaiwudi. Halitaki ufundi wa kuchonga, linataka subira na kupima mara mbili kabla ya kukata. Mtu mwenye msumeno mkali na mwenzake wa kumshikia upande wa pili hulimaliza kwa siku nne au tano, mbali na muda wa kungoja mbao zikauke na vanishi ishike. Huo muda wa kungoja ndio wengi wanauruka, na ndio utakaouona ukijirudia katika majibu yangu.

Nitumie mbao gani?

Kwa fremu, msonobari unatosha. Wauzaji wanauita paini. Mwingi unatoka Mufindi mkoani Iringa, liliko shamba la miti la Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini. Ni mwepesi, unakatika bila shida, unashika skrubu vizuri. Saipresi nayo ni nzuri, na harufu yake ndani ya kabati inapendeza.

Dukani usikubali kuchaguliwa. Chukua ubao mmoja mmoja, uinue hadi usawa wa jicho, fumba jicho moja utazame toka mwanzo hadi mwisho kama anayelenga. Uliopinda utauona hapo hapo. Kisha tazama kichwa cha ubao, pale ulipokatwa. Ukiona kidoa cha mviringo cha kiini cha mti, urudishe. Ubao wenye kiini hujisokota ukikauka, na hakuna skrubu itakayouzuia. Angalia pia vifundo. Kwenye mbao ya mbili kwa mbili, yaani inchi mbili kila upande, kifundo kinachokula nusu ya upana ni mahali pa kuvunjikia.

Mninga ni mti wa heshima. Husinyaa kidogo sana ukikauka, mchwa hawaupendi, na ukipigwa vanishi rangi yake inajieleza yenyewe. Ila ni ghali, na vumbi lake huwasha pua na koo, kwa hiyo funga kitambaa unapoukata. Nakuomba pia uununue kwa halali: dai risiti, na muulize muuzaji hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Mninga hukua porini polepole sana. Ule usio na karatasi unatuachia pori tupu.

Kwa nini unasisitiza mbao zikae kwanza? Muuzaji ameniambia zimekauka.

Zimekauka kwa hewa ya kule zilikotoka. Mufindi kuna baridi na ukungu. Huku kwetu mvua hunyesha takribani kuanzia Desemba hadi Aprili, milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka mzima, na kuanzia Mei hadi Novemba ni upepo na ukavu. Ngozi ya mikono inapasuka, midomo inapasuka, na ubao nao ni vivyo hivyo. Mbao iliyoshushwa kwenye lori lililopita Mtera jana bado ina maji mengi ndani, hata kama juu imekuwa nyeupe na kavu ukiigusa.

Ubao haupungui urefu kiasi cha kukusumbua. Unapungua upana. Ubao wa paini wa inchi kumi ukiwa mbichi, hadi umekauka kwa hewa ya Dodoma unaweza kupoteza karibu sentimita nzima. Sasa fikiria umeugongomea misumari pande zote mbili. Unataka kusinyaa, misumari inakataa. Kitu kimoja lazima kiachie, na mara nyingi ni ubao wenyewe.

Hili nililijua kwa kabati la nyumbani kwangu. Nililitengeneza mwezi wa Julai kwa mbao pana za paini nilizonunua wiki hiyo hiyo, nikazipanga bega kwa bega kwenye mlango, gundi na misumari kila mahali. Lilipendeza. Septemba usiku tukasikia mlio mkavu, kama mtu anavunja kijiti cha kuwashia moto. Asubuhi mlango wa kushoto ulikuwa na ufa toka juu hadi katikati, na kupitia ule ufa niliona kitenge cha mke wangu cha rangi ya chungwa kinaning'inia ndani. Niliumia, kwa sababu ilikuwa kazi ya mikono yangu na kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo sikati mbao ambayo haijakaa Dodoma.

Nizikaushe vipi nyumbani?

Kivulini, mahali penye upepo, kamwe si juani. Jua hukausha juu upesi kuliko ndani, ubao ukajipinda na kupasuka. Weka bloku chini ili mbao ziinuke sentimita 20 hivi, hakikisha bloku zote ziko usawa mmoja. Panga mbao safu kwa safu, na kati ya safu na safu weka vijiti vyenye unene sawa, kama sentimita 2, kila baada ya sentimita 50. Vijiti vya safu zote visimame mstari mmoja, kimoja juu ya mwenzake, la sivyo mbao zitachukua umbo la mawimbi. Juu kabisa weka bloku nyingine za kukandamiza. Vichwa vya mbao vipake rangi ya mafuta iliyobaki, rangi yoyote, kwa sababu vichwani ndiko maji hutoka upesi na ndiko nyufa huanzia.

Wakati wa kiangazi, mbao ya inchi moja nazipa wiki nne hadi sita. Mbili kwa mbili nazipa wiki nane. Mvua zikiwa zimeshika, zidishe mara mbili. Mwishoni ziingize ndani, kwenye chumba kabati litakakokaa, zilale humo wiki moja.

Nitajuaje kwamba zimekauka bila kifaa cha kupimia unyevu?

Kwa mizani ya duka. Kata kipande cha sentimita 30 kutoka katikati ya ubao mmoja, si mwishoni, maana ncha hukauka mapema na itakudanganya. Kipime, andika uzito na tarehe juu yake kwa penseli, kisha kirudishe katikati ya rundo. Pima tena kila wiki. Kipande changu cha mwisho cha mbili kwa mbili kilianza na gramu 520. Kikashuka 455, 410, 380, 365, kisha 360, na wiki iliyofuata 360 tena. Uzito ukisimama wiki mbili mfululizo, mbao imekubaliana na hewa ya hapa. Muuza duka alizoea, nikiingia tu anasogeza mizani.

Nina mbao zilizobaki wakati wa kupaua nyumba. Naweza kuzitumia?

Tazama rangi. Kama zina ukijani, zimetiwa dawa ya kuzuia mchwa na kuoza, na dawa iliyozoeleka kwa mbao za paa ina shaba, kromu na aseniki. Juu ya dari zinafaa. Ndani ya kabati la nguo, ambako shati la mtoto linagusa ubao mchana na usiku, sizipendekezi hata kidogo. Ukizikata vaa barakoa, fagia unga wake wote, nawa mikono kabla ya kula.

Na tafadhali, vipande vyake visiwekwe jikoni kama kuni. Moshi na majivu yake hubeba aseniki. Hili nalisema kila siku kwa sababu Dodoma inajengwa kila upande, vipande vya mbao za paa vimezagaa, na nimeona vikichochewa chini ya sufuria ya maharage.

Mbao zilizopakwa oili chafu pia hapana. Oili haiishi kutoka, na doa lake kwenye nguo nyeupe halifuliki.

Kwa nini plaiwudi kwenye kuta na milango, si mbao tupu?

Kwa sababu ya ule ufa. Plaiwudi ni matabaka membamba yaliyogandishwa kwa kupishana, nyuzi za tabaka moja zikienda urefu, za linalofuata zikienda upana. Kila tabaka linamzuia mwenzake asisinyae. Ukiwa na fremu ya mbao nyembamba na plaiwudi kwenye nafasi zilizo wazi, kabati lako halina kipande kipana kinachotaka kutembea.

Na MDF au chipubodi, zile mbao za unga au vipande vya mti vilivyogandishwa?

Ni laini kwa rangi na zinapendeza zikiwa mpya. Shida ni mbili. Skrubu ya bawaba ikichomoka mara moja hairudi ikashika, na maji ya kudekia yakigusa sehemu ya chini, inavimba kama mkate. Mtu anayehama nyumba mara kwa mara azikwepe kabisa.

Kwa nini kina cha sentimita 58? Makabati mengi ya dukani ni membamba zaidi.

Henga ya kawaida ina upana wa sentimita 42 hadi 45, na bega la koti linazidi hapo. Kabati lenye kina cha 45 litakulazimisha kutundika nguo mshazari, na mlango utakuwa unabana mikono ya mashati. Upime henga zako mwenyewe kabla hujakubali kipimo cha mtu.

Upana wa 120 nimeuchagua kwa ajili ya plaiwudi. Shiti moja ni futi 8 kwa 4, yaani sentimita 244 kwa 122. Kabati la 120 linakula upana wa shiti karibu wote. Ukipanua hadi 130 utanunua shiti nyingine kwa ajili ya sentimita kumi.

Ninunue nini hasa?

Mbao sita za mbili kwa mbili za futi 12. Hizi ni za fremu. Mbao tatu za moja kwa tatu za futi 12 kwa ajili ya fremu za milango, na mbili za moja kwa mbili za kubebea shelfu. Plaiwudi ya milimita 3 shiti moja, ya mgongo. Plaiwudi ya milimita 6 shiti mbili: moja inatoa kuta za pembeni zote mbili pamoja na paa la kabati, ya pili inatoa milango. Plaiwudi ya milimita 12 shiti moja, inatoa sakafu na shelfu nne na kipande kinabaki. Bawaba sita za inchi 3, vishikio viwili, komeo mbili ndogo, kitasa kimoja ukipenda. Gundi nyeupe ya mbao lita moja. Skrubu za inchi 4 za fremu, za inchi 1 za plaiwudi ya 6, misumari midogo ya mgongo. Msasa namba 80, 120, 180 na 240. Bomba la chuma la robo tatu ya inchi, sentimita 55, la kutundikia.

Bei sizitaji kwa kuwa zinapanda na kushuka kila msimu. Chukua orodha hii, zunguka maduka matatu, andika. Plaiwudi igonge kwa kifundo cha kidole kila mahali. Ukisikia mlio mtupu mahali pamoja, ndani pameachia.

Vifaa je?

Msumeno wa mkono wenye meno madogo, randa, nyundo, bisbisi, drili hata ya mkono, skwea, tepu ya kupimia, penseli iliyochongwa. Patasi moja inatosha. Kama huna klampu, kamba ya katani iliyozungushwa na kukazwa kwa kijiti inafanya kazi hiyo, na nimeitumia miaka mingi.

Naanzaje kuunganisha?

Randa mbao kwanza hadi ziwe na sentimita 4.5 kila upande. Kata mihimili minne ya sentimita 180. Kata vipande vinane vya 49. Hivi vinakwenda mbele kwenda nyuma. Kata vinne vya 111, ndivyo vinavyokwenda kushoto kwenda kulia. Mihimili miwili ya katikati ni 161. Vipande vinavyofanana vikate, kisha visimamishe pamoja mezani uone kama vichwa viko sawa. Tofauti ya milimita mbili hapa ndiyo itakayokuwa mlango usiofunga baadaye.

Tengeneza kwanza ngazi mbili. Kila ngazi ina mihimili miwili ya 180 na vipande vitatu vya 49: kimoja juu kabisa, kimoja katikati, kimoja chini, upande wake wa chini ukiwa sentimita 10 kutoka ardhini. Hizo 10 ndizo miguu ya kabati. Toboa tundu kabla ya kila skrubu, na ncha ya skrubu uisugue kwenye mshumaa, itaingia bila kuupasua ubao. Weka gundi, kaza skrubu mbili kila kiungo.

Ngazi zikishashika, zisimamishe, ziunganishe kwa vile vipande vinne vya 111, viwili juu na viwili chini. Ingiza mihimili ya katikati, mbele na nyuma, na vipande viwili vilivyobaki vya 49 viiunganishe juu na chini. Fremu hii ukiitikisa sasa itacheza. Usiogope. Skrubu iliyoingia kwenye kichwa cha ubao haina nguvu nyingi. Kinacholikaza kabati ni plaiwudi ya mgongo na ya pembeni.

Ndiyo maana kabla hujagonga mgongo, lazima fremu iwe mraba. Ilaze kifudifudi. Pima kutoka kona ya juu kushoto hadi kona ya chini kulia, kwenye sehemu ya sentimita 170 kwa 120, halafu pima kona nyingine mbili. Vipimo vyote viwili viwe sawa, karibu 208. Kimoja kikizidi, sukuma kona zile ndefu zikaribiane mpaka vilingane. Hapo ndipo upake gundi, ulaze plaiwudi ya milimita 3, na ugonge misumari kila sentimita 10. Kona ikikosewa hapa, hakuna bawaba itakayokuokoa.

Pembeni funga plaiwudi ya 6, kisha sakafu ya 12. Sakafu ikatwe pembe ili iikumbatie mihimili. Paa funga mwisho.

Ndani nipangeje?

Kushoto bomba la kutundikia, sentimita 150 hivi juu ya sakafu ya kabati, kanzu na gauni refu viingie bila kukunjwa. Kulia shelfu nne za sentimita 57 kwa 57, pembe zikatwe zipishane na mihimili, zikiachana sentimita 31. Nafasi hiyo inapokea rundo la khanga na vitenge vilivyokunjwa bila kupinduka. Ukiweka nafasi kubwa zaidi, rundo linakuwa refu na kila ukivuta cha chini yote yanaanguka. Ukitaka ukuta kati ya pande mbili, ongeza shiti nyingine.

Naweza kuongeza droo?

Kwa kabati la kwanza, acha. Kikapu cha ukindu kwenye shelfu ya chini kinabeba soksi na nguo za ndani vizuri sana, na hakikwami.

Milango ikae ndani ya fremu au juu yake?

Juu yake. Mlango uliotumbukizwa ndani ya fremu unahitaji pengo sawasawa pande zote nne, na pengo hilo hubadilika kati ya Agosti na Februari. Mlango unaolala juu ya fremu una nafasi ya kupumua, na tena unaziba vumbi vizuri zaidi.

Kila mlango ni sentimita 60 kwa 168. Fremu yake ni ya moja kwa tatu, vipande viwili virefu na vitatu vya kukingama vya sentimita 46, na plaiwudi ya 6 imegundishwa na kukazwa skrubu kwa nyuma. Gundisha mlango ukiwa umelala juu ya meza iliyo sawa kabisa, uache hapo usiku mzima ukiwa na uzito juu yake. Mlango uliokauka kwa kuegeshwa ukutani hubaki na ule mpindo. Bawaba tatu kila mlango. Ya juu sentimita 15 kutoka juu, ya chini vivyo hivyo, moja katikati. Kati ya mlango na mlango acha milimita 4, na ukingoni gundisha utepe wa kitambaa kizito kwa ndani. Upepo wa Agosti ukianza, utajua kazi ya kile kitambaa.

Nimepanga chumba, nahama kila mwaka. Kabati la kubomoka linawezekana?

Linawezekana. Zile ngazi mbili zigundishe kama kawaida, lakini vile vipande vinne vya 111 usivitie gundi. Vifunge kwa pembe za chuma na skrubu. Mgongo na paa navyo vikazwe kwa skrubu. Siku ya kuhama unafungua bawaba, mgongo, paa, unabaki na vipande bapa vinavyolala kwenye kirikuu pamoja na godoro. Kila kiungo kiandike herufi kwa penseli, A na A, B na B. Skrubu zote tia kwenye chupa moja usafiri nayo mkononi.

Nitawazuiaje mchwa?

Mchwa hapa wapo kila mtaa, na hawaruki hadi kwenye kabati, wanapanda. Hupanda kwa njia za udongo wanazojenga wenyewe, kwenye ukuta au kwenye mguu wa kabati. Kwa hiyo liache kabati sentimita 5 kutoka ukutani, na ile nafasi ya sentimita 10 chini usiijaze viatu na maboksi. Mulika tochi nyuma na chini mara moja kwa mwezi. Ukiona mstari wa udongo, uvunje, kisha shughulikia chanzo chake sakafuni au kwenye ufa wa ukuta. Nyumba yenye sakafu ya udongo, weka kipande cha kigae au bati chini ya kila mguu. Hakiwazuii moja kwa moja, ila kinawalazimisha kujenga njia yao nje, mahali unapoiona.

Ukiona unga laini kama wa mahindi ukimwagika kwenye tundu dogo la mviringo, huyo si mchwa, ni mdudu atoboaye mbao. Kipande hicho kitoe.

Nipake nini, na vumbi la Dodoma nilikwepeje?

Piga msasa ukianza na 80, 120, halafu 180, ukifuata nyuzi za mbao, kamwe usizikate. Futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Paka sila, ile ya kuziba vinyweleo vya mbao kabla ya vanishi, iache ikauke, sugua kwa 240, kisha paka vanishi mara mbili au tatu, ya kwanza ikiwa imeongezewa tina kidogo, yaani kimiminika cha kuizimua. Paka pande zote mbili za mlango, ndani na nje. Mlango uliopakwa nje tu hunywa na kutoa unyevu upande mmoja, ukajikunja.

Kazi hii ifanye alfajiri, upepo ukiwa bado umelala. Mwagia sakafu maji nusu saa kabla, vumbi litulie. Kufika saa nne asubuhi vanishi iwe imeshashika juu. Madirisha yabaki wazi upande usiopigwa na upepo, na usiwashe jiko wala sigara karibu na tina.

Ndani ya kabati sila pekee inatosha. Liache wazi siku kumi kabla ya kuingiza nguo. Ukifungua asubuhi na bado harufu inakupiga usoni, ongeza siku.

Naftalini ni salama?

Nguo za mtoto mchanga zisikae nayo kabisa. Kwa mtoto aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, mvuke wa naftalini kwenye nguo unaweza kuvunja chembe nyekundu za damu, na wazazi wengi hawajui kama mtoto anao upungufu huo. Nondo wa nguo wenyewe hula sufu na manyoya, si pamba safi. Kama kabati lako ni la vitenge, mashuka na mashati ya pamba, huna sababu ya kuiweka. Nguo ziingie zikiwa zimefuliwa na kukauka kabisa. Karafuu chache kwenye kitambaa hutoa harufu nzuri.

Nikimpa fundi kazi, nimwambie nini?

Muulize mbao zake zimekaa muda gani na wapi, na umwombe akuonyeshe rundo. Andikeni vipimo, unene wa plaiwudi kwa kila sehemu na aina ya mbao kwenye karatasi, kila mmoja abaki na nakala. Lipa kwa awamu: ya vifaa, ya pili fremu ikisimama, ya mwisho kabati likiwa chumbani kwako na milango inafunga. Nenda ukalione kabla halijapakwa rangi. Rangi huficha kifundo na gundi iliyomwagika.

Kuna ulazima wa kulifunga ukutani?

Kama kuna mtoto nyumbani, upo. Mtoto akifungua milango yote miwili akakanyaga shelfu ya chini apande, kabati linamwangukia. Pembe mbili za chuma juu, skrubu na plagi za plastiki za kuzishikia kwenye bloku za ukuta, kazi ya robo saa. Bila hiyo mimi siondoki kwenye nyumba yenye watoto. Pembe ziwe ndefu za kutosha kuacha ile nafasi ya mchwa.

Mvua zimeanza na mlango unakwama. Niurande?

Usiurande bado. Januari na Februari mbao hunywa unyevu wa hewa na kuvimba. Ukiuranda sasa, Agosti utakuwa na pengo la kupitisha kidole, na vumbi litaingia hadi kwenye shelfu ya juu. Kwanza kagua skrubu za bawaba ya juu, mara nyingi ndizo zimelegea na mlango umelala chini. Kama tundu limepanuka, kata kijiti cha mbao, kipake gundi, kigonge ndani ya tundu, kikauke, halafu rudisha skrubu. Kama bado unakwama, sugua mshumaa mahali panapokwaruza uendelee kuutumia. Weka alama ya penseli hapo. Mwezi wa Juni urudi uangalie ile alama. Ikiwa bado inagusa, hapo ndipo utoe milimita moja kwa randa, upake vanishi upya kwenye ukingo uliouranda siku hiyo hiyo.